Askari Katoka Majivu: Kutafuta Chanzo Pale Rangi ya Kijisanamu Inapogoma

Hapa sifundishi kupaka rangi kuanzia mwanzo. Nachukulia kwamba kijisanamu kiko mezani, kimeshapakwa nusu au chote, na kuna kitu hakijakaa sawa: rangi inabanduka, uso una chengachenga, vanishi imetanda ukungu, au askari mwenyewe ana sura ya mtu aliyemwagiwa majivu. Mifano yangu ni ya askari wa Vita Kuu ya Kwanza huku kwetu, 1914 hadi 1918: wale wa King's African Rifles (KAR) upande wa Waingereza na wale wa Schutztruppe upande wa Wajerumani, kwa vipimo vya milimita 28 na milimita 54. Kama unapaka wapanda farasi wa Napoleon, nusu ya kwanza itakufaa vilevile. Ya pili inahusu mavazi na ngozi ya askari hawa, na ndiko nitakakokaa zaidi.

Karibu kila kasoro huonekana juu ilhali imezaliwa chini. Rangi inayobanduka leo iliharibika siku ulipoacha kuosha chuma. Khaki iliyochafuka iliharibika pale ulipochagua rangi ya andakoti, yaani koti la kwanza la chini linaloshika rangi nyingine. Ndiyo maana kuongeza koti jingine la rangi juu ya kasoro ni tiba mbaya kuliko zote: hainyooshi kitu, inafukia maelezo ya uso na vifungo, na inakupa kazi mbili badala ya moja.

Basi pima kwanza. Kwaruza kwa ukucha mahali pasipoonekana, kama nyayo au chini ya mkoba. Rangi ikitoka mpaka chuma kikabaki kitupu, ugomvi uko kati ya chuma na andakoti. Ikitoka ya juu tu na andakoti ikabaki, ulipaka kabla ya koti la chini kukauka, au rangi ilikuwa maji matupu. Kisha chukua pamba ya masikio, ilowanishe, sugua kidogo. Pamba ikishika rangi baada ya siku nzima ya kukauka, jua gundi iliyomo ndani ya rangi ya akriliki imezidiwa na maji. Mwisho weka taa ubavuni, mwanga uje kwa mlalo, halafu uangalie mashavu na mgongo. Mwanga wa mlalo hauna huruma: chenga, mistari ya brashi na vumbi lililonaswa vyote vinajianika. Ukiona uso ni laini kabisa na bado askari hapendezi, basi tatizo si la rangi kushika, ni la rangi uliyochagua. Ruka moja kwa moja uende kwenye sehemu ya ngozi.

Rangi inabanduka vipande

Vijisanamu vya metali nyeupe na vya rezini hutoka kiwandani vikiwa na mafuta au unga wa kulainisha kalibu, ili visigande ndani yake. Havionekani kwa macho. Sabuni ya maji ya vyombo, maji ya uvuguvugu na mswaki uliostaafu vinatosha. Suuza, acha vikauke kabisa, hasa kwenye mikunjo ya nguo ambako maji hujificha. Baada ya hapo usivishike kwa vidole. Bandika kila kimoja juu ya kizibo cha chupa, ushike kizibo.

Kama uliosha na bado inabanduka, tazama andakoti. Watu wengi huku hutumia praima ya magari kutoka duka la vipuri, kwa sababu ndiyo ipo. Juu ya chuma inafanya kazi nzuri. Juu ya plastiki ngumu ni kamari, maana viyeyusho vyake vikali vinaweza kuula uso wa plastiki ukapuliza karibu au kwa wingi. Vijisanamu vya plastiki laini inayopindika, vile vidogo vya 1/72, ni kesi nyingine kabisa: bunduki ikipinda, rangi ngumu inapasuka. Hapo hakuna andakoti ya magari itakayokuokoa. Tafuta ya akriliki inayonyumbulika, paka makoti membamba, na uache kuchezea mtutu.

Uso una chengachenga kama msasa

Rangi ya kupuliza ilikauka hewani kabla ya kufika. Umepuliza kwa mbali mno, au juani, au kwenye upepo. Shika kopo sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye kijisanamu, anza kupuliza nje yake, pita, malizia nje yake. Tikisa kopo dakika mbili nzima. Wengi hutikisa mara tano na kuanza. Chenga zikiwa chache, zisugue kwa mswaki mkavu au msasa laini sana. Zikiwa zimejaa usoni, futa uanze upya, kwa sababu kila rangi nyepesi ya kivuli utakayoweka baadaye itatuama kati ya chenga hizo na askari ataonekana ana ndui.

Vanishi imetanda ukungu mweupe

Hii ndiyo kesi inayoniletea maswali mengi kuliko zote, na anayeuliza kwa kawaida anaishi Tanga, Dar, Zanzibar au Mombasa. Kazi imekwisha, rangi nzuri, koti la mwisho la vanishi isiyong'aa linapulizwa, na baada ya robo saa askari yuko ndani ya maziwa.

Vyanzo ni viwili na havifanani. Cha kwanza ni unyevu. Kiyeyusho cha kwenye kopo kikipaa haraka hupoza uso wa kijisanamu. Hewa ikiwa imejaa unyevu, maji yanatonea juu ya vanishi mbichi na kunaswa humo. Cha pili ni unga. Vanishi isiyong'aa ina unga laini wa silika ambao kazi yake ni kutawanya mwanga ili uso usimeremete. Unga huo hutuama chini ya kopo au chupa. Usipotikisa vya kutosha, mwanzoni unatoa vanishi inayong'aa, na mwishoni mwa kopo unatoa unga mtupu.

Utatofautishaje? Ukungu wa unyevu hutanda sawasawa, hata sehemu zilizo bapa. Wa unga hukusanyika mashimoni: chini ya mshipi, kwenye mikunjo ya kiwiko, kati ya vidole. Kama ukungu umetokea kwa vijisanamu vya mwisho tu katika kundi ulilopuliza siku moja, kopo ndilo lenye makosa, wala usisingizie hali ya hewa.

Tiba ya wote wawili huanza vilevile: paka koti moja jembamba la vanishi ya kung'aa kwa brashi. Mara nyingi ukungu unapotea mbele ya macho yako, kwa sababu vanishi mpya inajaza vinafasi vilivyokuwa vinatawanya mwanga. Iache ikauke hadi kesho, kisha rudisha ile isiyong'aa, safari hii kwa brashi na si kwa kopo. Vanishi ya brashi iliyochanganywa na maji haijali sana unyevu. Ikiwa lazima upulize, pwani saa nzuri ni kati ya saa saba na saa tisa alasiri, kivulini, siku isiyo na mvua. Alfajiri, ambapo watu hupenda kufanya kazi kwa sababu ya ubaridi, ndipo hewa imelowa zaidi. Wakati wa masika mimi ningeweka kopo kabatini nikasubiri. Na kabla ya kumpuliza askari, puliza kijiko cha plastiki, ungoje nusu saa. Kijiko ni cha bei ya bure.

Bado ukungu upo baada ya hayo yote? Basi umezama ndani ya koti. Tazama sehemu ya kufuta, mwishoni.

Mistari ya brashi, na rangi inayokaukia njiani

Joto la nyuzi 30 na feni juu ya kichwa: tone la akriliki kwenye kisahani linaanza kuota ngozi kabla hujamaliza mkono mmoja wa koti. Ukiendelea kulitumia unaburuta utando huo juu ya kijisanamu, na ndiyo hiyo mistari. Zima feni, au igeuzie ukutani. Tengeneza paleti ya maji: bakuli bapa lenye kifuniko, sponji iliyolowa, juu yake karatasi ya kuokea. Rangi itakaa mbichi saa nyingi, na ukifunika, hadi kesho. Badilisha maji ya sponji mara kwa mara, la sivyo itanuka.

Punguza rangi kwa maji kidogo mpaka itiririke kama maziwa, upake makoti mawili au matatu membamba. Ukizidisha maji, ndipo ile pamba ya masikio inaposhika rangi. Ukihitaji rangi nyepesi sana, punguza kwa midiamu ya akriliki, ambayo ni gundi ileile isiyo na rangi. Kuhusu maji yenyewe: ya kisima cha pwani yana chumvi, na chumvi hiyo hubaki kama vidoa vyeupe kwenye rangi za giza. Tumia ya mvua au ya chupa. Brashi ambayo ncha imepasuka mara mbili nayo ina chanzo chake: rangi imepanda hadi kwenye chuma kinachoshika manyoya na kukaukia humo. Ichovye nusu ya manyoya tu, ioshe kwa sabuni ya kipande. Ile iliyokwisha kuharibika ibaki kwa kazi ya brashi kavu na vumbi la miguuni.

Maduara kama ya chai kwenye nguo

Rangi nyepesi ya kivuli ilimwagwa kwa wingi juu ya sehemu bapa, ikakaukia kingoni kwanza. Brashi safi yenye unyevu ingeinyonya ikiwa mbichi. Ikishakauka, usisugue: paka upya rangi ya msingi juu ya duara, na mara nyingine peleka kivuli kwenye mikunjo pekee badala ya kuogesha nguo yote.

Ngozi imetoka majivu

Hapa ndipo kijisanamu cha askari wa Kiafrika huharibika zaidi, na chanzo ni mafunzo yenyewe: karibu maelekezo yote ya kupaka nyuso yameandikwa kwa ajili ya ngozi ya Mzungu. Kule mtu huanza na rangi ya kati, akaongeza nyeupe ili kupata mwanga. Ukifanya hivyo kwa ngozi nyeusi, nyeupe inaua joto la kahawia na kuacha kijivu chenye unga. Anayeanza na nyeusi ndiye anaumia zaidi, maana nyeusi na nyeupe haziwezi kuzaa kitu kingine ila kijivu.

Ngozi nyeusi inang'aa. Mwanga wake ni mkali, mdogo, na uko mahali pachache: kipaji cha uso, kichwa cha pua, mfupa wa shavu, kidevu, vifundo vya vidole, ugoko. Katikati ya mwanga na kivuli kuna wekundu, si weupe. Kwa hiyo msingi uwe kahawia iliyokaribia weusi, kwa mfano namba 70.822 ya rangi za Vallejo. Juu yake kahawia ya kawaida, 70.984, ukiacha msingi kwenye mashimo ya macho, chini ya midomo na pembeni mwa pua. Kisha changanya humo tone la 70.818, ambayo ni kahawia nyekundu kama ngozi iliyopigwa dawa ya viatu, uguse mashavu na pua. Mwanga wa mwisho upate kwa rangi ya mchanga au ya pembe, kidogo sana, na uwe mstari au nukta, usiwe eneo. Nyeupe iache kwenye kopo lake.

Je, ikiwa ngozi tayari ina majivu? Huna haja ya kuanza upya. Tengeneza rangi nyepesi mno ya kahawia nyekundu kwa midiamu, pitisha uso mzima mara moja au mbili, iache ikauke kila mara. Joto litarudi. Kisha rudishia nukta za mwanga. Midomo ya chini ipate kahawia yenye wekundu uliofifia. Kiganja kama kinaonekana kiwe chepesi kuliko mgongo wa mkono. Macho kwenye milimita 28 ni mtego: nyeupe tupu inamfanya askari aonekane ameshtuliwa. Mstari wa giza na nukta mbili za kijivu-njano zinatosha, na ukiwa na tarbushi inayotupa kivuli juu ya uso unaweza kuacha macho kabisa.

Usiwapake wote kwa chupa moja. Schutztruppe iliandikisha Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na watu waliotoka Sudani. KAR ilikuwa na Wayao na watu wengine wa Nyasa, Wakamba, Wanandi, Wasudani. Badili kipimo cha nyekundu na cha giza kutoka mtu hadi mtu, kidogo tu. Kundi la askari kumi wenye ngozi sawasawa linaonekana limetoka kiwandani, hata kama kila mmoja peke yake ni mzuri.

Umefuata picha ya zamani, bado rangi si zenyewe

Dalili zake zinakuja pamoja: uso mweusi kama mkaa, tarbushi nyeusi, vitambaa vya muundi (vile vya kuzungushia mguu chini ya goti) vya kijivu hafifu. Mpakaji ameapa kwamba amefuata picha ya wakati ule, na kweli amefuata. Picha za Walther Dobbertin, mpiga picha aliyefanya kazi Afrika Mashariki ya Kijerumani na ambaye kazi zake zimehifadhiwa Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani, ni hazina kwa umbo, kwa namna mkoba unavyoning'inia, kwa jinsi mtu anavyosimama. Kwa rangi, picha za enzi hizo zina hila yake.

Vioo vya picha vya wakati ule viliona buluu vizuri, kijani kiasi, na nyekundu karibu haikuvigusa kabisa. Kitu chekundu kilitoka cheusi pichani. Kahawia yenye wekundu, yaani ngozi ya askari, ilitoka giza kuliko ilivyokuwa. Buluu ilitoka nyepesi, ndiyo maana mbingu katika picha hizo ni nyeupe hata pale palipokuwa na jua kali. Sasa soma picha yako tena ukijua hivyo: vitambaa vya muundi vinavyoonekana vya kijivu vinaweza kuwa buluu, na tepe nyeusi mkononi ni nyekundu. Ngozi ipandishe daraja moja la mwanga kuliko unavyoiona.

Mwanga wenyewe, yaani wapi uanguke, usijifunzie kwenye picha hizo. Aliye Dar aende Posta saa sita mchana akaitazame Sanamu ya Askari, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson iliyosimamishwa mwaka 1927. Shaba haikuambii chochote kuhusu khaki, lakini jua la utosini linakuonyesha mashimo ya macho yalivyo na giza, bega linavyopokea mwanga, na mikunjo ya nguo ipi inapotea. Wa Nairobi wanayo yao, ya watu watatu, Kenyatta Avenue.

Rangi zote sahihi, lakini askari ni bonge la kahawia

Hesabu ulichonacho: ngozi kahawia, khaki, mshipi wa ngozi kahawia, kitako cha bunduki kahawia, udongo kahawia. Unaweza kuwa umepatia kila rangi kwa kitabu na bado kwa urefu wa mkono huoni mtu, unaona kokwa la tende.

Chanzo ni kwamba kahawia zote zina giza sawa na joto sawa. Usitafute rangi mpya, zitenganishe ulizonazo. Khaki iwe baridi na nyepesi: ielekeze kwenye kijani-njano, mwanga wake uwe wa pembe. Ngozi ya mwili iwe ya moto na giza. Ngozi ya mshipi na vibweta vya risasi iwe nyekundu zaidi na yenye kung'aa kidogo, na kitako cha bunduki kiwe cha njano zaidi. Kisha chora mstari mwembamba wa kahawia-nyeusi kila mahali vitu viwili vinapokutana: kola na shingo, mshipi na koti, kiganja na bunduki. Mstari huo peke yake hurekebisha nusu ya kesi ninazoletewa. Na kumbuka kwamba kitu kidogo huonekana giza kuliko kikubwa chenye rangi ileile, kwa hiyo khaki ya kijisanamu inatakiwa kuwa nyepesi kuliko kipande cha kitambaa halisi ukikiweka pembeni.

Kama andakoti yako ilikuwa nyeusi, khaki ya koti moja itakuwa chafu milele. Kwa askari hawa mimi napuliza nyeusi, halafu kijivu hafifu kutoka juu kwa mlalo kidogo, ili ramani ya mwanga iwepo kabla ya rangi ya kwanza.

Mtazamaji hajui ni wa upande gani

Hii si kasoro ya mkono. KAR na Schutztruppe wote walivaa khaki, na wote walivaa tarbushi yenye kifuniko cha khaki na kitambaa cha kukinga shingo. Porini kwenyewe waliweza kuchanganywa. Kazi yako ni kuyapa nguvu machache yanayowatofautisha.

Askari wa Schutztruppe ana nembo ya tai mbele ya tarbushi; iguse kwa metali iliyofifia, usiipake kama pambo la harusi. Ana viatu vya ngozi kahawia, na mwenye cheo ana tepe nyekundu za V kwenye mkono wa kushoto: moja kwa ombasha, mbili kwa shaushi. Vita vilipoanza, kampuni zake nyingi zilikuwa bado na bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, ya baruti nyeusi inayotoa moshi mzito. Kijisanamu kinachofyatua kikiwa na pamba ya moshi mdomoni mwa mtutu si kosa la historia. Wa KAR mara nyingi alikwenda peku, hata vitani, na mwanzoni mwa vita unaweza kumpa sweta ya sufu ya buluu nzito, kaptula ya khaki na vitambaa vya muundi vya buluu nzito. Miguu hiyo peku ndiyo alama yako kubwa, kwa hiyo usiizike kwenye nyasi. Ipake kama uso, yenye wekundu na mwanga, halafu vumbi la rangi ya udongo lipande kutoka vidoleni hadi fundoni.

Angalia na mwaka. KAR ya 1914 ilikuwa vikosi vitatu tu. Ya 1918 ilikuwa vikosi 22. Huwezi kuwavika wote sare ya gwaride. Kwa Schutztruppe mambo yaligeuka zaidi: baharini walizuiwa, wakafuma nguo zao na kuzitia rangi za mimea, na khaki ikawa kila aina ya njano na hudhurungi. Tanga, Novemba 1914, waliteka mamia ya bunduki na bunduki za rashasha 16. Novemba 1917 walivuka Ruvuma wakaiteka ngome ya Wareno ya Ngomano na kujivika walichokikuta. Basi kundi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Schutztruppe, la 1918 likiwa limenyooka sare mwilini, shaka iko kwako. Changanya khaki tatu tofauti, mkoba wa Kiingereza hapa, bunduki ya Kireno pale.

Kitako anachosimamia askari kinasema nchi nyingine

Mchanga wa njano na majani makavu ya dukani vilitengenezwa kwa ajili ya jangwa la Afrika Kaskazini. Tanga ilipiganiwa kati ya mashamba ya mpira na mkonge, kwenye kijani. Taveta na Salaita, ambako Waingereza walishindwa Februari 1916, ni udongo mwekundu wa upande wa Tsavo, na wekundu huo unatakiwa upande hadi magotini. Delta ya Rufiji, ilikozamia manowari ya Kijerumani Königsberg Julai 1915, ni tope la kijivu-nyeusi na mikoko. Udongo halisi unafaa sana ukiuchekecha kwa chujio la chai na kuukaanga kidogo ili wadudu wafe, lakini upake rangi baada ya kuubandika. Ukiachwa mtupu hugeuka giza kwa gundi na kuonekana umelowa siku zote.

Madogomadogo

Weupe kuzunguka kiungo ulichobandika ni mvuke wa supagluu ulioganda kwa unyevu. Tumia tone dogo, na kama haijapakwa rangi, andakoti itaufunika. Vanishi inayonata hata baada ya wiki ilipakwa nene. Ipe koti jembamba lisilong'aa, na usiweke vijisanamu kwenye boksi la plastiki vikigusana. Mtutu uliopoteza mng'ao wa chuma umezimwa na vanishi isiyong'aa, kwa hiyo metali ipakwe mwisho kabisa.

Unga mweupe unaochipuka juu ya vijisanamu vya zamani vya risasi ni jambo zito zaidi. Ni kutu ya risasi, inayochochewa na asidi inayopumuliwa na mbao na mbao za unga, hasa kabati likiwa limefungwa bila hewa. Vaa glovu na barakoa, toa unga huo kwa brashi iliyolowa ili usipeperuke, usifanyie jikoni, na uhamishie vilivyobaki kwenye kabati la kioo na chuma.

Ikibidi kufuta yote

Kwa akriliki juu ya metali au plastiki ngumu, Dettol ya kahawia ambayo haijachanganywa na maji inafanya kazi kuliko vitu vingi vya bei. Loweka usiku mzima kwenye chupa yenye kifuniko, vaa glovu, kisha sugua kwa mswaki uliochovywa kwenye Dettol hiyohiyo. Watu wengi hukosea hapa: wanakimbilia bomba. Maji yakigusa Dettol yenye rangi iliyolainika, vinageuka ulimbo unaoshika kila mkunjo, na kuutoa ni kazi kuliko rangi yenyewe. Suuza kwa Dettol safi kwanza mpaka rangi iishe, ndipo sabuni ya vyombo, ndipo maji. Asetoni inafaa kwa metali pekee. Plastiki itayeyuka mkononi. Rezini hutofautiana kiwanda kwa kiwanda, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kipande cha kishikizo ulichokata, uangalie baada ya saa moja kama kimelainika.